Kitoweo Kabla ya Tonge

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanyika tumboni na humalizika kwa saa chache, lakini matokeo yake huhamia mkekani na mezani, mahali ambapo daktari hayupo na ambapo kazi hiyo huendelea kwa umri wote uliobaki wa mtu. Katika jamii za Waswahili na za majirani wao wa bara, ambako kula ni tendo lenye sheria nyingi zaidi ya zile zilizowahi kuandikwa, uhamisho huo una ugumu wa pekee, kwa sababu karibu kila agizo ambalo mgonjwa hupewa siku ya kutoka hospitalini hupingana na jambo alilofunzwa utotoni kuwa ndiyo adabu ya chakula. Alifunzwa kula tonge kubwa kwa kitoweo kidogo, asiache kitu sahanini, asikatae cha mwenyeji, asiwacheleweshe wenzake. Na sasa anaambiwa aanze na kitoweo, aache palepale anapohisi kutosheka, akatae bila haya, na atafune mpaka wenzake wawe wamekwisha kunawa. Maandishi mengi ya tiba huuzungumzia upasuaji huu kana kwamba adui anayebaki baada ya kisu ni njaa. Kwa walaji wa sinia, inaelekea kwamba njaa ndiyo inayoondoka kwa wepesi, na kinachobaki kupigana na mtu ni malezi yake mwenyewe.

Kiswahili hakimsaidii sana anayetaka kulieleza jambo hili, kwa kuwa neno tumbo limebebeshwa mizigo mitatu: tumbo la nje linalofungwa mkanda, tumbo la uzazi, na ule mfuko wa ndani unaopokea chakula kutoka kwenye umio, yaani mrija unaoshuka kutoka kooni. Ndiyo maana watu wengi wakisikia kwamba fulani amekatwa tumbo hudhani kwamba amepunguzwa kitambi, mafuta yakachotwa na ngozi ikashonwa, ilhali upasuaji unaozungumziwa hapa hauyagusi mafuta hata kidogo. Kinachoguswa ni mfuko wa chakula, ambao kwa mtu mzima unaweza kupokea lita moja au zaidi, na wakati mwingine utumbo mwembamba unaoufuata. Katika njia inayotumika zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, kwa kuukata upande wake uliotuna, na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi; kilichoondolewa hakirudishwi. Katika njia ya pili, ambayo inaweza kuitwa mchepuko (kwa maana ya barabara inayouzunguka mji, si kwa kazi ambayo lugha ya mitaani imelipa neno hilo), sehemu ya juu ya mfuko hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuunganishwa na kijifuko hicho, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko wa zamani na mwanzo wa utumbo. Maungio hayo yana umbo la herufi Y na hubeba jina la César Roux, daktari wa Uswisi aliyeyatumia mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya maradhi mengine kabisa. Puto linalopitishwa mdomoni na kujazwa likiwa tumboni, huduma ambayo hospitali ya Mloganzila ya Dar es Salaam imekuwa ikiitoa, si upasuaji, nalo hutolewa baada ya miezi kadhaa, ingawa katika mazungumzo ya watu yote hutiwa kapu moja.

Wazo la kupunguza uzito kwa namna hii lilitoka kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliyeanza kufanya mchepuko wa aina hii pamoja na Chikashi Ito mwaka 1966, alikuwa ameona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikonda na hawakunenepa tena. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sababu yote ni udogo wa chombo: kibaba hakipokei pishi. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao, walitangaza kuigundua ghrelini, ambayo ni homoni, yaani kemikali inayotolewa na kiungo kimoja ikasafiri katika damu kupeleka habari kwa kiungo kingine. Na habari inayopelekwa na hii ni kwamba wakati wa kula umefika. Ghrelini hutengenezwa kwa wingi katika ile sehemu ya juu iliyotuna ya mfuko wa chakula, ambayo ndiyo hasa huondolewa katika njia ya mrija. Wakati huohuo, chakula kinachofika utumboni mapema kuliko zamani huamsha homoni nyingine, GLP-1 ikiwa mojawapo, ambazo huupa ubongo habari za shibe na kuusaidia mwili kutoa insulini, na ndiyo maana sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari hushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Mfuko wa chakula, basi, haukuwa gunia tu. Ulikuwa pia mpiga mbiu, na kisu kimechukua sehemu ya gunia na sehemu ya sauti ya mpiga mbiu kwa pamoja.

Mtu ambaye mbiu yake imenyamaza anaweza, katika miezi ya mwanzo, kusahau kula, jambo ambalo kabla ya hapo angelicheka kama hekaya. Ukimya huo ungekuwa pumziko kamili laiti kula kungekuwa kula tu. Lakini katika Kiswahili mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula raha, na mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi, kiasi kwamba asiyekula huonekana kama aliyejitoa katika shughuli za watu. Shibe nayo ina cheo chake. Marafiki wa damu na nyama ni watu walioshibana, wala hakuna anayesema kwamba wametoshana, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo hasa ambayo mgonjwa huyu anatakiwa kuijua mwilini mwake, kwa sababu shibe aliyoizoea, ile ya joto, kulegea na kucheua, hairudi kwa umbo lake la zamani. Ishara mpya ni ya namna nyingine na huchukua wiki nyingi kusomeka: shinikizo dogo chini ya kifua, kwikwi, chafya, au kamasi jepesi linalochuruzika ghafla kama la mtu aliyekula pilipili. Anayeipuuza kwa tonge moja tu la ziada hukabwa kifuani, mate yakamjaa kinywani yakiwa na povu, na mara nyingi chakula kikarudi kilikotoka.

Wiki za kwanza, kwa bahati, hazimtoi mtu mbali na jiko la nyumbani kama anavyoogopa. Siku moja au mbili ni za maji, supu iliyochujwa na chai isiyo na sukari. Hufuata vinywaji vizito kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vilivyo laini, mpaka mwisho wa mwezi wa pili ndipo vyakula vya kawaida virudi kimoja kimoja, ingawa kila hospitali ina ratiba yake. Vitabu vya mapishi vinavyotoka ng'ambo humwelekeza mgonjwa kwenye unga wa kopo na jibini laini, na wengi hununua vitu hivyo kwa bei ya kuumiza, wakati mapishi ya kuponda na kusaga yamo nchini tangu zamani: mtori wa Wachaga, ambao ni ndizi na nyama zilizopikwa na kupondwa pamoja na ambao hupewa mzazi aliyetoka kujifungua, ungeweza kufaa ukipunguzwa ndizi na kuongezwa nyama, na bokoboko la Unguja na Mombasa, nyama na ngano zilizosongwa mpaka nyuzi za nyama zikapotea, linafanana na arisi ya Oman ambayo familia za Waswahili wa Maskati huijua vizuri. Kinachohitaji hadhari ni uji. Uji ndio chakula cha kwanza ambacho jamii humfikiria mgonjwa, nao hupita kooni bila taabu, lakini uji mtupu wa mahindi wenye sukari ni wanga uliolainishwa, na wanga ndicho kitu ambacho mtu huyu anakihitaji kidogo kuliko vyote.

Hapo ndipo linapofika suala la kitoweo. Katika mlo wa pwani na wa sehemu kubwa ya bara, chakula ni kitu kimoja na kitoweo ni kingine: chakula ni wali, ugali, ndizi, muhogo; kitoweo, au mboga kama wasemavyo watu wengi wa Tanzania bara hata wanapokusudia nyama, ni kile kinacholisindikiza tonge kooni. Mtu aliyekula mishikaki sita na kachumbari anaweza kutangaza, bila utani wowote, kwamba tangu asubuhi hajala. Mtoto anayemaliza mboga huku ugali ukiwa mzima hukaripiwa, na karipio hilo lina busara ya uchumi ndani yake, kwa kuwa kitoweo ni kichache, ni ghali, na ni cha wote, na anayekitanguliza anakula haki ya wenzake. Sasa mwili wa mtu aliyepasuliwa unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, protini ikiwa ni ile sehemu ya chakula inayojenga misuli na kuponya majeraha, na yai moja lina gramu 6 tu, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama gramu 20. Mfuko ulioachwa hauna nafasi ya kusindikizana. Ukianza na tonge tatu za ugali, ambao hunata na kugandamana, nafasi imekwisha na protini haijaingia. Na mwili usiopewa protini hujichukulia wenyewe kutoka katika misuli, na nywele, ambazo hata kwa wanaokula vizuri huweza kupukutika kwa muda karibu na mwezi wa tatu au wa nne, hupukutika zaidi.

Kwa hiyo mtu mzima, pengine mwenye wajukuu, huketi mbele ya sinia na kutenda hadharani kosa lilelile alilowachapia watoto wake vidole. Ni vigumu kuueleza uzito wa aibu hiyo kwa wataalamu wa lishe waliokulia mahali ambapo kila mtu ana sahani yake na nyama huwekwa katikati ya sahani. Wako wanaoikwepa kwa kula peke yao jikoni kabla ya wengine, na wako wanaochota wali kidogo na kuuzungusha sahanini kwa ajili ya macho ya watu; hila hii ya pili ni ya hatari kidogo, kwa kuwa wali unaozungushwa sana hatimaye huliwa. Hesabu ya uchumi, hata hivyo, si mbaya kama inavyoonekana, maana anayekula kitoweo tupu anakula vijiko vichache tu, na dagaa wakavu waliosagwa, mayai, maharage yaliyopikwa yakalainika na maziwa ya mgando vinaweza kumfikisha mbali bila kuivunja nyumba. Nyama ya kuchoma, ambayo ndiyo fahari ya mezani, ndiyo inayosumbua kuliko vyote, kwa ukavu na nyuzi zake. Na makande yenye mahindi magumu hayako mbali nayo.

Kasi ni sheria nyingine iliyopinduliwa. Sinia lina mwendo wake, na asiyeufuata hubaki na ukingo mtupu, lakini mtu huyu anatakiwa kutafuna kila kipande mara 20 au 30 na kuutandaza mlo wa vijiko vichache katika nusu saa. Mkono, ambao wengine huudharau mbele ya kijiko, unaweza kuwa mwalimu mzuri hapa, kwa sababu ncha za vidole vitatu hazibebi kingi na husikia ugumu wa kipande kabla ya meno. Maji nayo hutengwa na mlo: haruhusiwi kunywa anapokula, na akishamaliza husubiri kama dakika 30, kwa maelezo kwamba maji hukisukuma chakula kiondoke upesi au huijaza nafasi iliyokusudiwa chakula. Waislamu wengi wa pwani wamelelewa na fundisho la kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, na mtu anaweza kuona kwamba upasuaji umekubaliana na kiini cha fundisho hilo, yaani kiasi, huku ukiyahamisha maji kwenye saa nyingine. Lakini ni lazima yanywewe, lita moja na nusu hivi kwa siku, funda kwa funda, na bila gesi. Chupa ya soda inayowekwa mbele ya kila mgeni harusini humtazama tu.

Utamu una adhabu yake ya haraka, hasa kwa waliofanyiwa mchepuko. Sukari nyingi ikiporomoka kutoka kwenye kijifuko hadi utumboni kwa mara moja, bila kucheleweshwa na lango la mfuko wa zamani, huyavuta maji ya damu yaingie utumboni, na katika dakika 10 hadi 30 moyo huenda mbio, jasho humtoka mtu, tumbo humsokota, na hulazimika kutafuta mahali pa kulala. Hali hiyo, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa mmwagiko, ina ndugu yake anayechelewa kwa muda wa saa moja hadi tatu: mwili hutoa insulini kupita kiasi, sukari ya damu huanguka, na mtu hutetemeka na kupatwa na njaa kali ambayo, akiijibu kwa utamu mwingine, huanzisha mzunguko upya. Sasa na ifikiriwe halua ya Unguja au ya Maskati, ambayo ni sukari, wanga na samli vilivyokorogwa kwa saa nyingi vikatiwa iliki na zafarani, ikiletwa na kahawa chungu kwa mgeni ambaye mwenyeji wake hatakubali jibu la hapana. Mwenyeji atasema onja tu. Kukataa kabisa si jambo dogo, kwa kuwa katika nyumba nyingi anayekikataa chakula hueleweka kuwa ana kinyongo, au, vibaya zaidi, kwamba anaogopa kilichotiwa ndani. Kahawa chungu, kwa bahati njema, ikinywewa peke yake na kwa kiasi haina ubishi mkubwa baada ya wiki za mwanzo, na kikombe chake kidogo kinalingana na tumbo jipya kuliko chombo kingine chochote mezani.

Mwezi wa Ramadhani hukusanya maswali haya yote. Wataalamu wengi humshauri mtu asifunge katika miezi ya mwanzo, na dini imemwekea mgonjwa ruhusa. Lakini ruhusa si kitu ambacho moyo hukipokea kwa wepesi wakati nyumba nzima imefunga. Hata baadaye hesabu huwa ngumu, kwa kuwa kati ya magharibi na alfajiri kuna muda wa saa kumi hivi, na katika muda huo mtu anatakiwa kufikisha maji yake funda kwa funda, kuyatenga na milo yake midogo, kula protini yake, kuswali tarawehe na kulala. Futari ya pwani, yenye tende, tambi za sukari, mihogo na viazi vitamu vya nazi, imejaa karibu kila anachopaswa kukiogopa. Tende moja ya kufungulia, ikitafunwa taratibu, wengi huimudu, na moja ni witiri.

Vidonge havina haja ya kuelezwa kwa urefu, ingawa ndivyo vinavyosahaulika kwa urahisi na vyenye malipo makubwa kwa anayesahau. Mwanzo wa utumbo mwembamba, unaorukwa na mchepuko, ndio mahali panapofyonzwa sehemu kubwa ya madini ya chuma, na mfuko wa chakula ndio unaotoa kitu kinachouwezesha mwili kuichukua vitamini B12. Kwa hiyo chuma, kalsiamu, vitamini D na B12 huwa ni za maisha, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Kidonge cha chuma kikimezwa kwa chai ya rangi hupoteza sehemu ya kazi yake, maana chai huzuia chuma kufyonzwa, na hapo tena desturi ya asubuhi hukutana na agizo la hospitali. Jambo moja linastahili kusemwa kwa sauti: anayetapika kwa siku nyingi mfululizo anaweza kuishiwa na thiamini, yaani vitamini B1, akaanza kuona viwili viwili, kuyumba anapotembea na kuchanganyikiwa, na familia inayodhani kwamba amerogwa au amerukwa na akili hupoteza siku ambazo sindano ya vitamini ingemwokoa. Wanaopasuliwa India au Uturuki na kurudi nyumbani baada ya siku chache huwa mbali na daktari wao wakati huohuo hatari inapoanza.

Mwili unapopungua, macho ya watu huanza kazi. Kwa vizazi vingi unene wa wastani umesomwa kama habari njema: mtu amenawiri, maisha yamemkubali, ndoa imempenda, na wembamba wa ghafla umesomwa kinyume chake. Usomaji huo uliongezewa ukali na historia ya karibu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipotambuliwa Tanzania, mkoani Kagera, mwaka 1983, na ugonjwa huohuo ulipoitwa ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, kukonda kulikuwa ni hukumu iliyotolewa na jirani kabla ya kipimo chochote. Walioziona siku hizo bado wako hai, na wanapomwona mtu aliyepungua kilo 30 katika miezi minane, uso umesinyaa na ngozi ya mikono inaning'inia, wanasema amekwisha, tena kwa huruma ya kweli. Lugha ya mjini imeanza kutenganisha kupungua, ambako mtu hupongezwa, na kukonda, ambako huulizwa kama anaumwa. Lakini mtu yuleyule anaweza kuambiwa yote mawili kwa siku moja, ofisini na kwa shangazi.

Wengi huificha sababu, na kuficha huko kunaeleweka, kwa kuwa anayesema ukweli huambiwa kwamba amepita njia ya mkato. Kauli hiyo ina ukweli wa ajabu katika neno la kukata na uongo katika maana ya ufupi. Hakuna anayesema kwamba mwenye mguu uliovunjika alipita njia ya mkato kwa kutiwa chuma, lakini unene unahesabiwa kuwa kosa la tabia, na kosa la tabia, kwa fikra ya wengi, linapaswa kulipiwa kwa jasho. Sayansi ya homoni iliyotajwa juu inaidhoofisha sana fikra hiyo, ingawa si haki pia kuugeuza upasuaji kuwa muujiza. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia watu zaidi ya 4,000 ulionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Na ulionyesha pia kwamba waliofanyiwa mchepuko, ambao walipungua kwa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili, walibaki na upungufu wa asilimia 25 baada ya miaka 10. Sehemu ndogo ya uzito hurudi, na kurudi kwake ni jambo la kutarajiwa.

Hurudi zaidi kwa mlango wa nyuma. Katika mwaka wa pili mbiu huanza kusikika tena, mfuko hulegea kidogo, na mtu ambaye hawezi kumaliza kipande cha kuku hugundua kwamba juisi ya miwa, aiskrimu, visheti na karanga za kudonoadonoa havina kizuizi chochote, kwa sababu vyote huyeyuka au huingia kidogo kidogo. Pombe nayo, kwa waliofanyiwa mchepuko, hufika kwenye damu upesi na kwa nguvu kuliko zamani, na hatari ya kuizoea huongezeka kadiri miaka inavyopita. Hapo huonekana kwamba kulikuwa na njaa ambayo haikutoka tumboni tangu mwanzo, ile ya uchovu, ya upweke, ya kutokuwa na jambo lingine la kufanya jioni, nayo haikuwa na mrija wa kukatwa. Vikao vya wagonjwa na wataalamu wa saikolojia vimewekwa kwa ajili ya hilo, pale vilipo, na mahali vinapokosekana kazi hiyo huangukia kwa jamaa wachache walioambiwa siri.

Katika nyumba nyingi anayepasuliwa ndiye mpishi, na sufuria yake haikupunguzwa. Huendelea kupima mchele wa watu wanane kwa kikombe kilekile, huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, na hupakua. Sinia likishawekwa, hula vipande vyake vinne vya changu, polepole, na vidole vyake husimama mapema kuliko vya wote. Baadhi yao wameona kwamba kuondoka mkekani huzua maswali kuliko kukaa, basi hukaa, na kwa kuwa mikono isiyo na kazi mbele ya chakula hutia wasiwasi, huchambua miiba, hutenga minofu, na kuisogeza mmoja mmoja upande wa watoto, kama walivyofanya bibi zao siku zote bila kupasuliwa na mtu. Na gilasi ya maji iko pembeni, imefunikwa kwa kisahani, mpaka nusu saa itimie.